Sala shambani msimu wa karafuu

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Wete, Pemba. Msimu huu wa karafuu asubuhi tunaingia shamba, jioni napika, usiku tunachambua. Adhuhuri naiunganisha na Laasiri nikirudi nyumbani. Qur'ani sijaifungua tokea Ramadhani, na mama yangu yuko mji wa Mkoani, kusini mwa Pemba, simjulii hali mpaka apige simu yeye. Wakati ndio sina. Nifanyeje?

JAWABU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, hayo matatu hayako daraja moja, basi tuanze na la faradhi. Mwenyezi Mungu anasema katika Suratun-Nisaa, aya ya 103, kwamba sala kwa Waumini ni faradhi iliyowekewa nyakati zake. Kwetu sisi Mashafii, tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi, kuunganisha ni kwa msafiri, na kwa mvua kwa masharti yake. Kuchuma karafuu si udhuru, hata mikarafuu izae vipi. Zile ulizokwisha sali ukidhani inafaa huzirudii. Leta istighfari, na kuanzia leo Adhuhuri isaliwe huko huko shambani.

Chukua dumu la maji na kanga safi ya kutandika. Weusi wa karafuu vidoleni ni rangi tu, hauzuii udhu. Kinachozuia ni utomvu ulioganda ukawa na tabaka, huo usugue utoke kwanza. Na mwenye shamba asikutie hofu: wanazuoni wetu wamesema muda wa sala ya faradhi hauhesabiwi katika saa za mwajiriwa. Wewe tena unalipwa kwa pishi, yaani kwa kipimo cha karafuu ulizochuma, si kwa saa, sijui unamwogopa nani.

Qur'ani usijipangie juzuu nzima, utaishia siku ya pili. Mtume (s.a.w.) amesema amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, ijapokuwa chache, wameipokea Bukhari na Muslim. Nusu ukurasa baada ya Alfajiri, kabla hujashika pakacha, inatosha kwa msimu huu.

Mama yako mpigie wewe, usiku mnapochambua. Mikono inatoa makonyo, yaani vijiti vya karafuu, simu iko kwenye spika, wajukuu wanamwamkia bibi yao mmoja mmoja. Karafuu zikishauzwa, panda gari uende Mkoani ukalale kwake japo usiku mmoja, maana kwa simu peke yake haki yake haijatimia.

Wallahu a'lam.