Jibu: Roma siku mbili na mama anayeumwa magoti

Salaam dada. Umeuliza kama Colosseum (ule uwanja wa kale wa Warumi) na Vatikani vinaingia siku moja ukiwa na mama anayeumwa magoti. Vinaingia, ila mama hatakusamehe. Mimi nilikwenda na shangazi, tukavigawa.

Kwanza kagua siku. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa ya mwisho wa mwezi, ambayo ni bure na foleni yake ni balaa. Jumatano asubuhi Baba Mtakatifu hukutana na mahujaji uwanjani, kwa hiyo Kanisa la Mtakatifu Petro liwekeni mchana. Kiingilio hakuna, mabega na magoti yafunikwe, na khanga moja mkobani inatosha kabisa. Kuba la kanisa hilo achaneni nalo: ngazi 551, na hata mkipanda lifti bado zinabaki kama 320!

Tiketi za Colosseum nunua mapema mtandaoni, majina yafanane na ya pasipoti. Lifti ipo. Tiketi hiyohiyo inawaingiza Foro ya Kirumi, magofu ya mji wa kale, lakini kule mnakanyaga mawe ya kale, makubwa, yameachana na yanateleza. Shangazi alichungulia tu, akatafuta kivuli. Chupa tupu msitupe, mabomba ya mitaani yanatoa maji baridi ya kunywa.