Hakuna atakayeniuliza dhamira

Mmeuliza wiki hii: "Ni kitabu gani unakisoma kwa kujificha, na kwa nini unajificha?" Nianze na hiyo sehemu ya pili. Najificha kwa sababu mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Mchana nasimama mbele ya kidato cha nne nikichambua fani na maudhui, usiku napanda kitandani na Willy Gamba, mpelelezi wa riwayani.

Si Willy peke yake. Yupo pia Joram Kiango, mpelelezi wa Ben Mtobwa, na wengine wasio na majalada niliowaokota kwa muuza vitabu vya mtumba anayetandaza turubai karibu na stendi. Lakini Willy ndiye wa kwanza. Nilimkuta kwa marehemu babu, ndani ya Kufa na Kupona, kitabu cha Elvis Musiba cha mwaka 1974. Babu alikuwa anakiweka chini ya godoro, kwa hiyo huenda kujificha kwenyewe nimekurithi.

Aibu nilifundishwa chuoni. Mhadhiri aligawa ubao katikati: huku riwaya dhati, zile nzito za kufikirisha, huku riwaya pendwa, zile za kuburudisha kama za upelelezi na mapenzi. Hizo dhati tulikaa nazo wiki tatu. Hizo pendwa zilipata nusu saa, tena kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa usiosemwa mbele ya wakwe. Nilikaa nyuma nikijiuliza: pendwa si maana yake inayopendwa? Neno ni la sifa kabisa, na sisi wasomi tukaligeuza tusi.

Sitazitetea kwamba zina falsafa iliyojificha. Wapo wanaosema hivyo, kwamba Willy akipambana na vibaraka wa makaburu ile ni historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika. Sawa, imo. Mimi siifuati hiyo. Mimi nasoma kwa sababu najua Willy hafi. Hata afungwe kamba kwenye kiti, damu zimtoke puani na bastola iwe kisogoni, mimi natafuna karanga zangu roho kwatu, maana nikipapasa kwa kidole naona kurasa bado ni nyingi.

Anayeona huo ni uvivu aje anisaidie kusahihisha. Insha tisini, na karibu zote zinamalizia: "Mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa kufikisha ujumbe wake kwa jamii." Ukishaisoma sentensi hiyo mara tisini, unatamani mwandishi asiye na ujumbe wowote kwa jamii. Unatamani mtu apande gari, afukuzwe, apige kona, afike hotelini, aagize bia baridi. Na hakuna atakayeniuliza dhamira.

Kuhusu wanawake wa humo, hapo sina utetezi. Ni warembo wote, wanaanguka kwa shujaa kabla hajamaliza salamu, na nusu yao ni majasusi wa adui. Kama mwanamke napaswa kukasirika. Hukasirika kweli, ila kesho yake, nikiwa naosha vyombo. Usiku wenyewe sina nafasi.

Baba watoto anajua. Watoto wanajua. Waliokuwa hawajui ni wanafunzi, hadi muhula uliopita. Nilimkamata binti wa kidato cha tatu na kitabu chini ya dawati, kipindi cha sarufi, kimechakaa, jalada limekwenda na maji, kimeshonwa kwa uzi mweusi ubavuni. Nikakichukua kwa hasira zote za kazi, nikampa na maneno mawili matatu kuhusu maisha yake ya baadaye. Saa nne usiku nilikuwa nacho kitandani. Saa nane na nusu mpelelezi ameshavunja mlango, ameshawasha taa, ameshamwona muuaji aliyekuwa amekaa amempa mgongo. Muuaji akageuka taratibu...

Kikaishia hapo. Kurasa za mwisho hazikuwepo, uzi umebaki unaning'inia.

Siku mbili nilijikaza. Ya tatu nilimwita yule binti ofisini, nikafunga mlango, nikamrudishia kitabu chake. Nikajidai napanga madaftari, nikamuuliza kama kwa bahati mbaya tu: muuaji alikuwa nani?

Akanitazama, akakitazama kitabu, akaanza kutabasamu.

"Madamu, kumbe na wewe umefika pale? Mimi nami kiliniishia hapo hapo, nilidhani wewe ndiye utakayeniambia."