Ultrasaundi ya kuunguza uvimbe: mbona ngozi haiungui?

Mkuu umeuliza inakuwaje mawimbi ya sauti yaunguze uvimbe wa kansa huko ndani halafu ngozi ibaki salama. Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye chumba cha hizo mashine upande wa fizikia ya tiba, na nikwambie ukweli, kuunguza uvimbe siyo kazi ngumu, kazi ni kulinda vilivyo njiani.

Mawimbi yanatoka kwenye transdusa pana (kifaa kinachotoa hayo mawimbi ya sauti), yanapita kwenye ngozi yakiwa yametawanyika, halafu yanakutana ndani sehemu ndogo kama punje ya mchele. Hapo joto linapita nyuzi 60 na seli zinakufa ndani ya sekunde chache tu. (Kuna ile nyingine ya kupasha nyuzi 40 hadi 43 karibu saa nzima ili mionzi au dawa zifanye kazi vizuri, usichanganye.)

Sasa kila pigo la mawimbi linaacha joto kidogo kwenye ngozi na mafuta ya chini yake, na mafuta yanapoa taratibu maana hayana damu nyingi, ukiharakisha pigo la pili joto linajumlishwa. Ndo maana tunasubiri mpaka mgonjwa anadhani mashine imezima. MRI (mashine ya picha inayotumia sumaku) inatuchorea joto la tishu kila baada ya sekunde chache kwa kusoma protoni za maji, ila kwenye mafuta usomaji huo haufanyi kazi, yaani palepale panapoungua kirahisi ndo hatupaoni! Hivyo mgonjwa mwenyewe ndiye kipimajoto, anapewa kitufe cha kusimamisha mashine mkononi, pakichoma anabonyeza.

Siku moja nywele hazikunyolewa vizuri, viputo vya hewa vikanasa kwenye jeli inayopakwa kwenye ngozi ili sauti ipite, na sauti ikikuta hewa hairuhusiwi kupita, inarudi na kuchoma hapohapo. Mama wa watu alivumilia akidhani ndo tiba ilivyo, anakuja kubonyeza lengelenge limeshatoka. Iliniuma sana.

Siyo kila kansa inafaa, mbavu na utumbo wenye gesi vinaziba njia. Tezi dume inatibika hivi, na maumivu ya kansa iliyofika mfupani pia, Marekani waliiruhusu kwa hilo 2012. Kama ni mgonjwa wako anaenda, mwambie aonyeshe makovu yote ya eneo lile kabla hawajaanza, kovu linapata joto kuliko ngozi ya kawaida, na asivumilie kitu, abonyeze.