Trekta ya mtumba kwa shamba la miti: Massey Ferguson (MF) 240 au 290?

Kwa eka 6 za misindano na mikaratusi huko Njombe, chukua MF 240. Ile 290 ina nguvu zaidi, farasi 80 hivi, lakini kwenye nafasi ya mita 3 kati ya mistari utachuna magome tu.

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha gusa injini uhakikishe ni baridi kweli. Ikishawaka, fungua kifuniko cha kujazia oili: moshi ukitoka kwa mapigo, ringi za pistoni zimekwisha. Oili ya haidroliki, yaani ya mfumo wa kunyanyulia, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Nyanyua gogo la kilo 300 kwa mikono ya nyuma, zima injini. Likishuka papo hapo, sili, yaani mipira ya kuzuia oili isivuje, zimechoka. Kushuka polepole kwa hizi za zamani si ajabu.

Matairi yakague ubavuni, maana visiki hupasua huko. Kama haina bamba la kulinda sampo (bakuli la oili chini ya injini), omba upunguziwe bei, ukachomelee.

Wakati wa kuvuta, mnyororo ufungwe kwenye ndoano ya chini. Ukiufunga kwenye toplinki (kiungo cha juu cha kushikia zana nyuma), trekta itanyanyuka mbele na kukuangukia.