Ukiandaa mbio za baiskeli hifadhini, anza na udongo

Usichapishe bango la mbio kabla hujaitembea njia yote pamoja na askari wa hifadhi. Kwa miguu, maana ukiwa juu ya baiskeli hutakiona kiota kilicho kichakani wala chemchemi inayovujia njiani. Katika mbio nilizoshiriki kuandaa, matembezi hayo ndiyo yaliyoamua karibu kila kitu: tarehe, idadi ya washiriki, hata mahali pa kuanzia.

Waulize wahifadhi ndege na wanyama huzaa lini, ukae mbali na majira hayo. Angalia na saa. Wanyama wengi hutembea zaidi alfajiri na jioni, na baiskeli huja kasi bila kelele, kwa hiyo mnyama na mwendeshaji hukutana ghafla kwenye kona. Siafiki mbio zinazoanza gizani, hata washiriki wakilalamikia jua.

Ila kinachonikosesha usingizi ni tope. Njia kavu iliyotengenezwa vizuri huhimili baiskeli nyingi. Ikilowa, tairi huchimba mfereji, hasa pale watu wanapofunga breki kwenye mteremko, na mvua inayofuata hupita humohumo ikizidi kuuchimba. Kisha kila anayekwepa dimbwi hukanyaga mimea ya pembeni, na kijinjia kinakuwa barabara. Kwa hiyo fomu ya usajili iseme waziwazi kwamba ardhi ikilowa mbio zitaahirishwa au kuhamishiwa njia ya akiba, na itaje mwenye kauli ya mwisho. Napendelea awe mhifadhi. Mwandaaji ameshalipia jukwaa na fulana. Tope la kifundoni yeye huliona umande.

Wengi hupuuza kuosha baiskeli kabla ya kuingia. Tope lililoganda kwenye tairi hubeba mbegu za magugu na vimelea vya udongoni. Huko New Zealand, miti ya kauri inauawa na kimelea kiitwacho Phytophthora agathidicida, na wageni wa misitu hiyo hutakiwa kusafisha viatu na vifaa vyao kwenye vituo maalumu. Baiskeli huficha tope kuliko kiatu, kwa hiyo weka maji, brashi na mkaguzi asiyeona haya, vyote nje ya lango.

Kuhusu taka, mwaka 2021 shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, lilikaza adhabu kwa wanaotupa vitu nje ya sehemu zilizotengwa. Wewe andika namba ya mshiriki kwenye kila pakiti ya jeli ya kutia nguvu anayoingia nayo. Ikiokotwa njiani, matokeo yake yanafutwa. Hamna haja ya hotuba.

Waachie waendeshaji kwa makundi madogo, tena kwenye barabara pana, ili wawe wameshatawanyika kabla ya kufika penye wembamba. Magari ya watazamaji yabaki nje, kwani yakiegeshwa nyasini huharibu kuliko mbio zenyewe. Droni na vipaza sauti, hapana.

Mishale na utepe viondolewe siku hiyohiyo, na mtu wa mwisho kwenye msafara ndiye avikusanye. Ukishamaliza, rudi njiani na yuleyule askari mkiwa na picha mlizopiga awali. Fedha za ukarabati ziwe zimeshawekwa mikononi mwa hifadhi kabla ya siku ya mbio. Baada ya zawadi kugawiwa, huwa hazipatikani.