Maswali ya Wasomaji: Masizi Hufanya Nini Ndani ya Mpira?

SWALI: Mhariri, naishi Muheza, si mbali na shamba la miti ya mpira la Kihuhwi, na utomvu ninaouona ukigemwa ni mweupe. Fundi wetu wa matairi anasema viwanda huchanganya masizi ili mpira kidogo utoe matairi mengi. Je, ni mbinu ya kubana gharama tu? Na kama ni hivyo, kwa nini wasitumie chaki?

JIBU: Ndugu msomaji, maneno ya fundi wako yanaifaa chaki kuliko masizi. Unga wa chaki wenye chembe kubwa huongezwa kweli ili kubana gharama, na ukizidi huudhoofisha mpira. Masizi ya viwandani ni habari nyingine. Matairi ya mwanzo yalikuwa meupe au ya kijivu, mpaka ilipogunduliwa mwaka 1904 huko Silvertown, London, kwamba masizi huutia mpira nguvu.

Siri iko katika udogo wa chembe. Masizi yanayotiwa kwenye sehemu ya tairi inayokanyaga barabara yana chembe zenye kipenyo cha nanomita 20 hadi 30 hivi, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Chembe hizo hutoka tanurini zikiwa zimeungana katika vishada vyenye matawi, na gramu moja tu huwa na uso wa mita za mraba kati ya 80 na 130, ilhali chaki ya kawaida ina mita chache tu. Uso huo mpana ndio unaoishika minyororo mirefu ya molekuli za mpira, kila mnyororo ukinasa mahali pengi kwa wakati mmoja.

Mshiko huo huonekana maabara. Mpira mtupu uliokandwa vizuri kinuni, kabla ya kupikwa na salfa (kibiriti kinachoifunga minyororo ya mpira pamoja), huyeyuka ukilowekwa katika tolueni, kimiminika cha kuyeyushia. Uliochanganywa na masizi huacha donge jeusi lililovimba ambalo haliyeyuki hata baada ya siku kadhaa. Salfa haijafanya kazi yoyote hapo. Ni masizi yenyewe yaliyoushika mpira.

Tena, kwa kuwa chembe hazivutiki, mpira ulio katikati yake hulazimika kuvutika zaidi kuliko kipande kizima kinavyoonekana kuvutika. Mpira wa asili ukivutwa sana, minyororo yake hujipanga ikawa fuwele ndogondogo zinazozuia ufa usiendelee, na masizi huziwahisha fuwele hizo. Kwa maoni yangu hii ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote, na ni sababu mojawapo ya matairi ya malori na ya ndege kutegemea mpira wa asili hadi leo.

Mshiko huo, hata hivyo, si wa kudumu wote. Kata ukanda wa tyubu mpya, uuvute kwa nguvu, uuachie, kisha uuvute tena hadi pale pale: mara ya pili utakuwa laini zaidi, kwa sababu baadhi ya minyororo imekwisha kubanduka au kuteleza juu ya chembe. (Tyubu nyingi siku hizi ni za butili, aina ya mpira wa kutengenezwa kiwandani, lakini nazo zina masizi.) Vilevile chembe zenyewe hushikana na kuachana kila gurudumu linapozunguka, na msuguano huo hugeuka joto, yaani mafuta yanayopotea bure.

Ili kupunguza upotevu huo, kampuni ya matairi ya Michelin ilianza mwaka 1992 kuuza matairi yenye silika, unga mweupe wa asili moja na mchanga. Silika hupenda maji, na chembe zake hupendelea kushikana zenyewe kuliko kushika mpira, hivyo huhitaji kemikali iitwayo silani ya kuziunganisha na mpira. Katika mpira wa asili kuna kikwazo zaidi: protini zilizotoka katika utomvu huwahi kukaa juu ya uso wa silika, zikaibania silani nafasi. Ndiyo maana silika imeshamiri zaidi katika matairi ya magari madogo, ambayo hutumia sana mpira wa kutengenezwa kiwandani, huku malori yakiendelea na masizi.