Kompyuta tatu, mzigo mmoja: faili la mauzo usiliweke kwenye folda ya pamoja

Mkuu, nimesoma swali lako. Una duka la vifaa vya ujenzi lenye kompyuta tatu: kaunta, stoo na ofisini. Kila moja ina programu yake na hesabu yake ya mzigo, na jioni mnajumlisha kwenye daftari, namba hazikutani. Fundi anataka faili la data likae kwenye folda ya pamoja, kompyuta zote zilifungue kutoka humo. Unauliza kama inafaa.

Kazi yangu ni kufunga mifumo ya mauzo madukani, Kariakoo na mikoani, na jibu langu ni hapana. Nieleze sababu kwa kirefu, maana hapa ndipo watu wanapopoteza pesa halafu wanailaumu programu.

Programu zinazotunza data kwenye faili moja, kama zile zilizotengenezwa kwa Microsoft Access, hazina msimamizi. Kila kompyuta inalifikia faili kupitia mtandao na kuandika yenyewe. Umeme ukikatika kaunta keshia akiwa anahifadhi mauzo, au waya ukichomoka, maandishi yanaishia katikati, na kinachoharibika kinaweza kuwa faili zima, siyo risiti ile moja. Faili la Access lina kikomo cha GB 2 pia. Kibaya zaidi ni kuliweka kwenye Google Drive au Dropbox, kitu ambacho watu wanashauriana kila siku. Huduma hizo zinanakili faili. Kompyuta mbili zikiliandika kwa wakati mmoja, unabaki na nakala mbili, na mauzo ya nusu siku yamelala kwenye nakala ambayo hakuna anayeifungua. Nimeitwa kuokoa hali ya namna hiyo kwenye duka la vipuri. Kuziunganisha nakala ilikuwa kazi ya mikono, risiti kwa risiti.

Unachohitaji ni programu inayotumia hifadhidata (ghala la data) yenye seva, yaani msimamizi mmoja anayepokea maombi ya kompyuta zote: SQL Server, MySQL, PostgreSQL na nyingine za aina hiyo. Hapo kompyuta ya kaunta haigusi faili kabisa. Inatuma ombi, "andika mauzo haya, punguza saruji mifuko 10", na seva ndiyo inayoandika. Ombi linakamilika lote au linafutwa lote. Keshia wawili wakigombea bati la mwisho, programu iliyotengenezwa vizuri inampa mmoja, na wa pili anaambiwa mzigo umekwisha. Kabla hujatoa hela, muulize muuzaji wa programu: data inakaa kwenye hifadhidata gani? Akizunguka, tafuta mwingine.

Neno seva lisikutishe. Kwa duka la kompyuta tatu inatosha kompyuta ya kawaida ya mezani yenye Core i5, RAM ya GB 8 kwenda juu na diski ya SSD. SQL Server Express ni ya bure, na hadi toleo la 2022 kila hifadhidata inaruhusiwa GB 10, ambazo duka lako halitazifikia kwa miaka mingi. Ila seva isiwe kompyuta ya kaunta. Kaunta vijana wanachomeka flashi za nyimbo, chai inamwagika, na mtu akienda kula anazima. Iweke ofisini penye mlango, na uizuie kulala yenyewe isipoguswa, kwa sababu ikilala na duka limelala.

UPS, betri inayoshikilia umeme ukikatika, usinunue ya seva peke yake. Suichi (kisanduku kinachounganisha waya za mtandao) na ruta navyo viingie kwenye UPS, la sivyo umeme ukikatika seva itabaki inawaka huku hakuna kompyuta inayoifikia.

Kuhusu mtandao, kwa duka lako waifai isahau. Stoo imejaa mabati na nondo, na chuma kinakula mawimbi. Vuta waya. Chukua waya wa mtandao wa Cat6, wa shaba tupu. Sokoni zimejaa za alumini zilizopakwa shaba, bei nafuu, zinavunjika vichwani na kusumbua baada ya muda. Kwaruza uzi wake kwa wembe: ukiona weupe ndani, rudisha. Kipande kimoja kisizidi mita 100. Suichi ya matundu 8 ya gigabiti inatosha na kubaki. Tena, mtandao huu hauhitaji intaneti. Bando likiisha, duka linaendelea kuuza.

Sasa jambo linalowasumbua wengi miezi kadhaa baadaye. Seva inapewa anwani ya kudumu, tuseme 192.168.1.10, na kaunta zinaelekezwa hapo. Siku moja unabadilisha kampuni ya intaneti, unaletewa ruta mpya ya laini ya simu. Nyingi za Huawei zinaanza na 192.168.8.1, kwa hiyo kaunta zinapewa anwani za kundi jingine, tofauti na la seva. Asubuhi hakuna kompyuta inayoiona seva, na kila mtu anaapa kwamba programu imekufa. Dawa yake ni kuwa na ruta yako mwenyewe inayogawa anwani za dukani, na kifaa cha kampuni ya intaneti kichomekwe nyuma yake. Kampuni ije iende, anwani zako hazitikisiki. Namba ya seva iandike kwa kalamu isiyofutika kwenye boksi lake.

Mwambie fundi aangalie haya kwenye seva. SQL Server Express ikishafungwa, mara nyingi TCP/IP, njia ya kuifikia kupitia mtandao, huwa imezimwa. Aiwashe, aweke poti (mlango wa mawasiliano) 1433, kisha airuhusu kwenye fayawoli, ulinzi wa Windows unaozuia maombi ya nje. Windows iambiwe kwamba mtandao huu ni binafsi, siyo wa hadharani. Asitosheke na ping (jaribio la kuona kama kompyuta inapatikana) kujibu, kwani ping inaweza kujibu huku poti imefungwa. Aijaribu poti yenyewe kutoka kaunta. Toleo la programu liwe moja kwenye kompyuta zote, na saa zilingane.

Nikuombe uchukue muda mrefu zaidi kwenye vipimo kuliko kwenye waya, maana duka la ujenzi linanunua kwa kipimo hiki na kuuza kwa kile. Misumari inaingia kwa katoni, inatoka kwa kilo. Waya wa umeme unaingia kwa rola, unatoka kwa mita. Nondo ndiyo mtihani wenyewe. Kwa kipimo kamili, nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina kilo 10.7 hivi, kwa hiyo tani ni vipande 93 au 94. Lakini nondo zinazofika dukani si zote zinatimiza kipimo, na mfumo ukigeuza tani kuwa vipande peke yake, hesabu itapishana na stoo tangu siku ya kwanza. Mtu wa stoo ahesabu vipande vinaposhuka kwenye gari, aingize vipande. Tani ibaki kwenye karatasi ya ununuzi.

Kila keshia awe na jina na nenosiri lake. Kurudisha mzigo, kufuta risiti na kupunguza bei chini ya kiwango kuwe kwako au kwa unayemwamini. Wakitumia jina moja, upungufu hautajulikana umetokea mikononi mwa nani, na atakayeumia ni kijana mwaminifu.

Bakapu: usinakili faili la hifadhidata wakati seva inafanya kazi. Tumia amri ya bakapu ya hifadhidata yenyewe. Express haina kipanga ratiba cha ndani, kwa hiyo tumia kile cha Windows, kila usiku duka likifungwa. Nakala moja ibaki kwenye diski ya pili, nyingine uende nayo nyumbani. Kisha ijaribu kuirejesha kwenye kompyuta nyingine. Bakapu ambayo haijawahi kurejeshwa mimi siihesabu.

Fundi akitaka kufungua poti 3389 (ya kuendesha kompyuta kutoka mbali) au 1433 kwenye intaneti ili akuhudumie akiwa kwao, mkatalie. Hizo zinatafutwa usiku na mchana na wahalifu wanaofunga data na kudai malipo. Hata ukifungua tawi mji mwingine, pita kwenye VPN, njia ya siri ndani ya intaneti, au tumia mfumo wa mtandaoni uliotengenezwa kwa matawi.

Na risiti ya mfumo huu siyo risiti ya TRA. Ile ya EFD inabaki palepale, labda programu iwe imeunganishwa rasmi na mfumo wa VFD, yaani risiti za TRA zinazotolewa kwa programu bila mashine. Hilo nalo muulize muuzaji.

Umeuliza pia kama uendeshe mfumo wa zamani na mpya kwa pamoja mwezi mzima. Siungi mkono. Keshia wakiandika mara mbili wataruka upande mmoja, na hutajua upi. Chagua Jumapili, funga duka, hesabuni mzigo wote, ingizeni namba hizo, na Jumatatu asubuhi fungueni na mfumo mmoja. Programu za zamani zibaki za kusoma tu, kwa ajili ya madeni ya wateja.

Ukishajua jina la hifadhidata ya programu unayoiangalia, liandike hapa pamoja na umbali wa stoo hadi ofisini, nitakuambia waya upite wapi.